Daftari la Mume Wangu na Piano za Warusi

Najua niliahidi mwezi huu tutaongelea bajeti ya watu wawili, na kuna waliokaa mkao wa kusubiri kalamu na karatasi mkononi. Mtanisamehe. Bajeti haina miguu, haikimbii popote. Mwezi huu nina kesi ya kwangu mwenyewe, na nimeona bora niiseme hapa kabla hamjaisikia kwa majirani.

Tulihama. Tulitoka nyumba ya kupanga Sinza tukaenda kwetu Goba, kwenye nyumba ambayo nusu ya vyumba havina dari, lakini ni yetu. Aliyewahi kuhama ananielewa: zile siku tatu za mwisho unakuwa mtu katili. Kila kitu usichokijua kazi yake, unatupa. Uvunguni mwa kitanda nilikuta mfuko wa salfeti wenye madaftari manne makuukuu, ndani yake mistari mitano mitano iliyochorwa kwa rula, vitone na vijiti juu yake, na vumbi la kutosha kupandia mchicha. Mwenzangu alikuwa kazini. Nikamwita mama anayeuza maandazi pale kona, nikampa akafungie. Akanishukuru sana, na maandazi matano ya bure juu.

Zilikuwa nyimbo zake. Kabla hatujaoana alikuwa mpiga kinanda wa kwaya, na usiku alikuwa anatunga vitu vyake, visivyo na maneno, visivyo vya kwaya. Hilo nililijua, lakini nililijua kama vile mtu anavyojua kwamba mumewe aliwahi kucheza mpira shuleni. Jioni akainama uvunguni, akaniuliza, nikamjibu. Hakupiga kelele hata kidogo. Alisema, "Sawa."

Wanawake wenzangu mnaijua hiyo "sawa". Kwa wiki tatu nyumba yetu mpya ilikuwa na watu wawili, simu mbili, na maneno kama kumi kwa siku, saba kati ya hayo yakiwa ya luku na maji.

Jumapili ya nne tulialikwa chakula kwa baba yangu mdogo. Huyu mzee alisomea uhandisi Muungano wa Kisovieti miaka ya 1980, akarudi na shahada, koti zito ambalo hajawahi kulivaa Dar es Salaam, na kreti mbili za santuri. Kule, anasema, santuri zilikuwa bei ya kutupa. Kampuni ilikuwa moja ya serikali, Melodiya, na mwanafunzi mwenye posho ndogo angeweza kutoka dukani na piano nzima chini ya kwapa.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba mwanangu. Huyu mkwe wangu mbona kanywea hivi? Umemfanya nini?"

Nikacheka kicheko cha uongo. Baada ya chai akafungua gramafoni yake, akapuliza vumbi kwenye sindano, akaweka santuri moja bila kutuambia ni nini. Ilikuwa piano peke yake. Inaanza polepole na wimbo mdogo mwepesi, unayumba kama mtu anayebembeleza mtoto ambaye tayari kalala. Halafu unapotea. Zinakuja hasira, zinakuja mbio, kuna mahali nilidhani mpigaji kakasirikia piano yenyewe. Karibu robo saa. Mwisho kabisa ule wimbo mdogo ukarudi vilevile, kama mtu aliyetoka safari ndefu na kukuta kiti chake mahali pake.

Mwenzangu akasema, "Ule wa mwanzo umerudi." Kisha akauliza, "Nani huyu?"

Maneno sita kwa mpigo! Nusu nimrukie ba'mdogo kwa furaha.

Mpigaji alikuwa Emil Gilels, huyo ni nyota na hana shida ya kujulikana. Mtunzi ndiye nilikuwa sijawahi kumsikia: Nikolai Medtner. Warusi wenyewe ile "d" hawaitamki, wanasema Metner. Kipande kinaitwa Sonata Reminiscenza, yaani sonata ya kumbukumbu, na kimo kwenye mkusanyiko ambao mwenyewe aliuita Nyimbo Zilizosahaulika. Aliuandika kwenye miaka ile ya mwisho mwisho kabla hajaondoka Urusi mwaka 1921. Yaani mtu aliandika jina la maisha yake juu ya karatasi kabla hayajamkuta.

Sasa kaeni vizuri, maana kisa chake ni cha kurasa hizi hasa.

Medtner alizaliwa Moscow mwaka 1880, akamaliza chuo cha muziki cha Moscow mwaka 1900 na medali ya dhahabu. Angeweza kuzunguka dunia akipiga piano za watu wengine na kulipwa vizuri. Hakutaka. Alitaka kutunga. Na alimpenda msichana mpiga fidla, Anna Bratenskaya. Wazazi wake hawakuafiki. Mambo yakaenda yalivyoenda, na mwaka 1902 Anna akaolewa na Emil, kaka mkubwa wa Nikolai.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Shemeji.

Mapenzi hayakufa, na Emil hakuwa kipofu. Alijua, na kwa namna ambayo mimi na wewe tungehitaji mashahidi na mzee wa ukoo kuielewa, alikubali. Kuna kipindi wote watatu waliishi nyumba moja. Mtu mmoja tu hakutakiwa kujua: mama yao. Kwa ajili ya mama siri ilitunzwa miaka na miaka. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914 Emil alikuwa Ujerumani, akakamatwa kama raia wa nchi adui, akaishia Uswisi. Mama alifariki mwaka 1918. Mwaka 1919 Nikolai na Anna wakafunga ndoa, yeye akikaribia miaka 40. Simhukumu mtu hapa, na wala siwashauri mjaribu nyumbani. Nasema tu kwamba ukiusikiliza ule wimbo mdogo unaorudi, unajua aliyeuandika alikuwa mtu aliyezoea kusubiri.

Wakaondoka. Ujerumani kwanza, baadaye Ufaransa, mwisho London katikati ya miaka ya 1930. Rafiki yao mkubwa alikuwa Rachmaninoff, huyu ambaye hata wewe umeshausikia muziki wake kwenye filamu bila kujua. Rachmaninoff alimtungia Medtner konseto yake ya nne, Medtner akamtungia Rachmaninoff konseto yake ya pili. Mmoja akawa maarufu na tajiri Marekani, mwingine akabaki anafundisha wanafunzi ili alipe kodi ya nyumba. Rachmaninoff alimsaidia kwa fedha zaidi ya mara moja, na alifanya kwa heshima, bila kelele.

Kwa nini mmoja akajulikana na mwingine la? Nimelifikiria sana. Medtner hakujua kujiuza, hilo moja. Tena alikuwa mkaidi: Ulaya ya miaka ile ilitaka muziki mpya wa kushtua, yeye akaandika kitabu kizima mwaka 1935 kuupinga. Na muziki wake haukupi utamu wote siku ya kwanza. Rachmaninoff anakukumbatia mlangoni. Medtner anakukaribisha, anakupa kiti, anakuuliza habari za nyumbani, na utamu unaanza ukishakunywa kikombe cha pili. Mara ya kwanza nilimwona mkavu, nasema ukweli. Mara ya nne nilikuwa naimba jikoni.

Vita ya Pili ikakata hata kile kipato kidogo kilichotoka kwa mchapishaji wake Ujerumani. Mwaka 1942 moyo ukamshinda. Mwanafunzi wake mmoja Mwingereza, mpiga piano Edna Iles, na familia yake ndio waliompokea yeye na Anna, na huko akamalizia konseto yake ya tatu.

Hapo ndipo inapoingia sehemu ambayo mwandishi wa filamu angeambiwa anazidisha chumvi. Kusini mwa India, Mysore, kulikuwa na mfalme kijana, Jayachamarajendra Wadiyar, aliyezaliwa mwaka 1919. Kijana huyo alitamani sana kuwa mpiga piano, lakini kiti cha ufalme kikamwahi. Yeye ndiye aliyetoa fedha ili muziki wa mzee huyu mgonjwa wa London urekodiwe na mwenyewe akiwa hai. Mwaka 1947 Medtner alirekodi konseto zake zote tatu pamoja na orkestra ya Philharmonia, na ile ya tatu akamtunukia mfalme. Alifariki London mwaka 1951.

Halafu Anna. Kila nikisimulia kisa hiki watu huuliza habari za mfalme. Mimi niulizeni habari za Anna. Mwaka 1958, bibi kizee, akafunga mizigo na kurudi Moscow, nchi aliyoiacha miaka 37 nyuma, na alibeba karatasi za mumewe. Kati ya mwaka 1959 na 1963 kazi zote za Medtner zikachapishwa pale Moscow, juzuu 12. Nchi ambayo ilimhesabu kama mtoro ikamchapisha, kwa sababu mkewe alifika na mzigo mkononi. Anna alifariki mwaka 1965.

Ba'mdogo alikuwa anasimulia haya huku anakunja nyuzi za spika, hata hatutazami. Mimi nilikuwa natazama chai yangu. Mbele ya macho yangu nilikuwa naona mfuko wa salfeti.

Njiani kurudi sikusema. Lakini usiku ule, mara ya kwanza tangu tuhamie Goba, tulikaa kochi moja na simu moja. Tukamtafuta Medtner. Kesho yake tena. Na bila kupanga tukajikuta na desturi: jioni moja kwa wiki, mtunzi mmoja wa piano wa Urusi au wa Kisovieti ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia. Nawapa siri ya kuwapata, maana kutafuta ni nusu ya raha. Anza na mtu mkubwa unayemjua, kisha uliza: rafiki yake nani? Mwalimu wake? Mwanafunzi wake? Kila mtu mkubwa kasimama mbele ya watu kumi ambao kivuli chake kimewafunika.

Tulimfuata Shostakovich, tukamkuta Mieczysław Weinberg, Myahudi wa Poland aliyekimbilia Muungano wa Kisovieti vita ilipoanza. Februari 1953 alikamatwa. Shostakovich akamwandikia barua Beria, mkuu wa usalama ambaye watu walikuwa wanaogopa hata kumtaja, kumtetea. Tena yeye na mkewe wakaweka tayari mipango ya kumchukua binti mdogo wa Weinberg kama mama naye angekamatwa. Stalin akafa Machi, na Weinberg akatoka Aprili. Ana vipande vifupi vya piano alivyoviita madaftari ya watoto, vya mwaka 1944 na 1945. Vingine havifiki dakika moja na nusu. Vizuri kwa mtu anayeanza, au kwa mtu ambaye bando lake linaishia.

Tulimfuata Shostakovich huyohuyo upande mwingine tukamkuta Galina Ustvolskaya, mwanafunzi wake, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 2006. Mwalimu alimpenda, akamwomba amuoe. Akakataa. Mwalimu alichukua hata wimbo wa mwanafunzi wake akauweka ndani ya kwatuo yake ya tano! Huyu dada alikuwa na msimamo wake. Sonata zake za piano ni sita, na ile ya sita, ya mwaka 1988, haipigwi kwa vidole tu, inapigwa kwa ngumi na viganja. Onyo: usimwekee mwenzio siku ambayo mna ugomvi. Sisi tuliweka, na jirani alituma mtoto kuuliza kama kuna usalama.

Sasa twende Kolyma. Hapa sitanii.

Vsevolod Zaderatsky alizaliwa mwaka 1891. Aliwahi kuwa ofisa upande wa walioshindwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, na dola mpya haikumsahau. Mwaka 1926 alikamatwa, na karatasi zote za muziki alizokuwa ametunga hadi siku ile zikaharibiwa. Zote. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Mwenzangu aliposikia hapo aliondoka kochini akaenda kusimama dirishani, na mimi nikatamani sakafu ipasuke, maana sakafu yenyewe ya saruji tupu.

Mwaka 1937 akakamatwa tena, safari hii akapelekwa Kolyma, kaskazini mashariki kabisa, kwenye makambi ya wafungwa ambako baridi ilikuwa inaua kabla ya njaa. Hakuna piano Kolyma. Huko, kati ya mwaka 1937 na 1939, juu ya fomu za telegramu na vikaratasi vingine, kwa penseli, aliandika preludi na fuga 24. Moja kwa kila ufunguo wa muziki, kama alivyofanya Bach. Shostakovich naye alikuja kuandika 24 zake mwaka 1950 na 1951, zikawa maarufu duniani. Za Zaderatsky zilitangulia kwa zaidi ya miaka kumi, zikiwa zimeandikwa kichwani mwa mtu ambaye mikono yake ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Mimi nilikuwa sijui fuga ni nini. Nikauliza, na mwenzangu, yule wa maneno kumi kwa siku, akaja akakaa, akaanza kunionyesha mezani kwa vidole. Sauti moja inasema jambo lake peke yake. Inapomaliza, ya pili inalisema jambo lilelile, mahali pengine, lakini ya kwanza hainyamazi, inaendelea na mengine. Inaingia ya tatu. Zote zinaongea kwa wakati mmoja na hakuna inayomkata mwenzake. "Yaani ugomvi," nikasema. "Ugomvi uliopangwa," akasema. Alieleza dakika 20. Nilikuwa nimeolewa na mwalimu wa muziki miaka sita na sikuwahi kuhudhuria kipindi hata kimoja.

Zaderatsky aliachiliwa mwaka 1939, akaja kufundisha Lviv, akafa mwaka 1953. Muziki wake ulikaa kimya. Aliyeusukuma utoke ni mwanawe, mwenye jina kama la baba, aliyesomea mambo ya muziki. Zile preludi na fuga za Kolyma zilipigwa zote pamoja hadharani kwa mara ya kwanza Moscow, Desemba 2014. Fanyeni hesabu: tangu penseli hadi ukumbi, miaka 75. Leo mpiga piano Jascha Nemtsov amezirekodi na unaweza kuzisikiliza ukiwa kwenye daladala. Usisikilize kwenye daladala, lakini unaweza.

Na kisa cha Nikolai Roslavets ni ndugu wa hicho. Alikuwa mvumbuzi, alitafuta njia yake mwenyewe ya kupanga sauti, akaitwa adui wa wananchi wa kawaida, jina lake likafutwa. Alipokufa mwaka 1944 karatasi zake nyingine zilichukuliwa, nyingine mkewe akawahi kuzificha, na ndizo zilizoingia hifadhi ya nyaraka ya taifa. Mimi kusikiliza Roslavets bado kunanishinda kidogo, nasikia kama mtu anayetafuta funguo gizani. Mwenzangu anampenda.

Msidhani kila jioni ni ya huzuni, mtanikimbia. Kuna Nikolai Kapustin! Kazaliwa Ukraine mwaka 1937, kasomea piano chuo cha Moscow kwa mwalimu wa shule ya zamani kabisa, halafu mchana mwalimu, usiku anapiga jazi. Alipiga kwenye bendi kubwa ya Oleg Lundstrem miaka ya 1960. Kwetu neno "jazz" tulilibandika kwenye bendi za dansi, Western Jazz, NUTA Jazz, magitaa na tarumbeta. Kwa Kapustin ni swingi yenyewe ya Marekani, lakini imeandikwa noti baada ya noti kama sonata. Mpigaji habuni hata kitone kimoja. Ukisikiliza etyudi zake nane za tamasha, za mwaka 1984, utaapa jamaa anajipigia anavyotaka klabuni. Nje ya nchi yake watu wengi walianza kumjua karibu na mwaka 2000, Steven Osborne alipomrekodi, na Marc-André Hamelin akafuata mwaka 2004. Aliwahi kuona vijana wa dunia nzima wakimpiga kwenye mashindano, kabla hajafariki mwaka 2020. Huyu muwekeni mnapopika. Vitunguu vinakatika vyenyewe.

Machache ya kukusaidia, maana najua mtaniuliza. Majina ya Kirusi huandikwa kwa namna mbili tatu, kwa hiyo usipopata Weinberg tafuta Vainberg, usipopata Feinberg tafuta Faynberg. Kwa Medtner, Hamelin huyohuyo karekodi sonata zote 14. Kampuni yake, Hyperion, ilikuwa haipatikani kwenye programu za muziki za simu, ukitaka lazima ununue. Ilianza kuingia mwaka 2023. YouTube kuna video ambazo karatasi ya noti inatembea sambamba na muziki, na hata kama huwezi kusoma noti utaona mawimbi yakipanda na kushuka. Pakueni mkiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini. Mabosi, hamjasoma sentensi hiyo.

Na msiongee wakati muziki unapiga. Mkimaliza, kila mmoja aseme kitu kimoja tu alichokisikia. Kimoja. Sisi mwanzo ilikuwa "umerudi", "umekasirika", "sijaelewa". Baada ya mwezi mwenzangu alisema, kuhusu kipande kimoja cha Medtner kati ya vile alivyoviita ngano, "Mimi nilikuwa na kimoja kama hiki." Akanyamaza. "Daftari la kijani."

Jumamosi iliyofuata nilimwaga kwamba naenda saluni. Nilienda Sinza.

Yule mama alinikumbuka. Nikamweleza, akaacha mwiko kwenye mafuta. "Kumbe yalikuwa ya maana? Mbona hukusema, dada?" Ningemwambia nini. Madaftari mawili yalikuwa yameshaondoka na chai za watu. La tatu lilibaki jalada. La kijani lilikuwa chini ya ndoo ya unga, limebaki karibu nusu, na kurasa za juu tayari zilikuwa zimechanwa vipande vinne vinne kwa ajili ya asubuhi ya Jumatatu. Nilimnunulia madaftari kumi mapya ya kufungia. Alikataa hela zaidi ya hapo, tena akanisaidia kupanga vile vipande kwenye mfuko, kimoja kimoja, kwa vidole vyenye unga.

Nilivyofika nyumbani niliviweka mezani na sikusema kitu. Nilitaka kuomba msamaha na sentensi niliyokuwa nimeiandaa tangu Mwenge ikapotelea Makongo. Alikaa, akaanza kuunganisha vipande kwa gundi ya karatasi, ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili. Ilimchukua hadi saa nne usiku. Katika ukurasa wa tatu kulikuwa na doa la mafuta kubwa kama shilingi mia, na akaushika ukurasa juu ya taa.

"Hapa noti mbili hazionekani."

"Unazikumbuka?"

Akafumba macho, vidole vikaenda mezani, vikarudi, vikaenda tena.

"Moja," akasema.

Ile bajeti ni mwezi ujao, wapenzi, safari hii kweli. Nitaanza na bei za vinanda.